Kipaza Sauti Hakina Ujasiri

Ndugu msomaji, kuna neno moja ambalo katika wilaya zetu za Nachingwea na Ruangwa limepotoshwa maana yake, nami, kwa kuwa kazi yangu ya maisha ilikuwa kusahihisha madaftari, siwezi kulipita bila kulipigia mstari mwekundu. Neno lenyewe ni "ujasiri". Siku hizi ukisikia inasemwa kwamba Wakristo wa mahali fulani ni majasiri katika kuitangaza imani yao, aghalabu maana yake ni kwamba wamenunua spika mpya. Jenereta imefungwa, jukwaa limesimamishwa karibu na soko, mhubiri ameletwa kutoka mbali, na kwa siku saba mji mzima haulali. Jumapili inayofuata tunasomewa kanisani idadi ya waliohudhuria, tunapiga makofi, na tunamshukuru Mungu kwa ujasiri wa watumishi wake.

Mimi sipigi makofi. Nasema waziwazi, na mwenye kukasirika akasirike: ujasiri wa imani hupimwa kwa kile ambacho msemaji anaweza kupoteza. Asiye na cha kupoteza anaweza kuwa na ari, anaweza kuwa na sauti nzuri, anaweza hata kuwa na maarifa ya Maandiko, lakini jasiri siye. Mhubiri aliyeletwa kutoka mbali atapanda basi Jumatatu alfajiri. Hatakutana kisimani na mtu aliyemkemea jukwaani. Hana shemeji hapa, hana deni hapa, wala hana shamba linalopakana na la mtu yeyote. Sisi tunaobaki ndio wenye majirani. Na sisi tunaobaki, mara jukwaa linapobomolewa, tunanyamaza kimya kama maji ya mtungini.

Huo ndio ugonjwa wetu. Tunawapigia kelele watu tusiowajua, na tunawanyamazia watu tunaowajua.

Tumtazame Mtume Petro, maana habari zake zinafundisha jambo hili vizuri kuliko mimi. Usiku ule bustanini, walipokuja askari na mienge na silaha, Petro alichomoa upanga mbele ya watu wote akamkata sikio mtumishi wa Kuhani Mkuu, aliyeitwa Malko. Wangekuwapo watu wa siku hizi wangesema: naam, huyu ndiye jasiri! Lakini Bwana wake alimwambia aurudishe upanga. Saa chache baadaye Petro huyo huyo alikuwa anaota moto wa makaa uani, kwa kuwa palikuwa na baridi, na kijakazi wa mlangoni akamwuliza swali dogo tu: je, wewe si mmoja wao? Hapakuwa na Kaisari pale. Hapakuwa na simba wala moto wa kuchomea watu. Palikuwa na msichana wa kazi, watu wachache wanaoota moto, na maneno ya kawaida ya usiku. Hapo ndipo mwenye upanga aliposhindwa.

Injili zinatuambia habari hiyo bila kumficha Mtume. Kanisa lingeweza kuisahau kwa heshima ya mkubwa wake, lakini halikuisahau. Nadhani halikuisahau kwa sababu linajua kwamba wengi wetu hatutaletwa kamwe mbele ya mfalme kama wale vijana wa Uganda waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wengi wetu tutaulizwa na kijakazi, penye moto wa makaa.

Kipaza sauti ni upanga wa Petro. Kinatupa furaha ya kupigana, na kinatuepusha na swali la kijakazi.

Watu wa Nachingwea wangepaswa kuwa wa kwanza kulijua jambo hili, maana ardhi yetu imewahi kuona kishindo cha namna hiyo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, ambao Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake. Yalikuja matrekta na matingatinga, misitu ikalazwa chini, bandari ikajengwa Mtwara, na reli ikaletwa kutoka huko bandarini mpaka huku kwetu. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Reli nayo ilifungwa na kung'olewa katika miaka ya 1960, na leo tunayo kata inayoitwa Stesheni ambayo treni haifiki. Hakuna aliyeuliza vya kutosha udongo ulikuwa wa namna gani na mvua ilikuwa ya kiasi gani. Wakati huo huo mama wa Kimwera mwenye jembe la mkono, aliyeijua ardhi yake shimo kwa shimo, aliendelea kupanda karanga zake, na wajukuu zake wanazipanda hadi leo.

Mikutano yetu mikubwa ni Mpango wa Karanga wa kiroho. Inakuja na mitambo, inalaza miti, inahesabu ekari, na ikiondoka inaacha stesheni isiyo na treni. Hao waliohesabiwa kwamba wameokoka wako wapi mwaka wa pili? Nani aliyewatembelea? Nani aliyejua mmoja wao ana mgonjwa nyumbani?

Kuna ubaya zaidi. Kipaza sauti kikikosa watu wa kukisikiliza, huanza kutafuta wa kutukana. Debe tupu haliachi kuvuma. Tumeyaona tangu miaka ya 1980, wakati mihadhara ya dini ilipoenea mijini, Waislamu wakichambua Biblia ili kuwaaibisha Wakristo, na Wakristo wakijibu kwa kuichambua Kurani ili kuwaaibisha Waislamu. Kila upande ulirudi nyumbani ukiwa umeshinda, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyependwa. Mwaka 1993 mabucha ya nyama ya nguruwe yalivamiwa Dar es Salaam. Oktoba 2012, kule Mbagala, ubishi wa watoto wawili juu ya Kurani uliishia kwa makanisa kuvamiwa na kuchomwa moto. Watoto wawili! Watoto hawazui chuki kutoka hewani. Kilichowaka siku ile kilikuwa kimekaushwa miaka mingi na watu wazima wa pande zote mbili.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Mkristo asiitangaze imani yake. Katiba yetu, katika ibara ya 19, inasema kwamba kutangaza na kueneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi. Haki hiyo ni yangu, na ni ya jirani yangu Mwislamu vilevile. Mimi nikimweleza habari za Yesu Kristo, naye ana haki ya kunieleza habari za Mtume wake, na adabu inataka nimsikilize mpaka mwisho kama ninavyotaka anisikilize. Ninachokataa ni hii desturi ya kuchukua kazi ya mtu binafsi, kazi ya moyo kwa moyo, na kumwachia mtambo.

Maana imani hii haikuletwa kwetu na mitambo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja na watu wapatao 55 waliokombolewa utumwani, akawapeleka Masasi. Waliopanda mbegu ya Ukristo katika upande wetu huu wa kusini walikuwa watu waliowahi kuuzwa. Hawakuwa na cheo wala ukoo wa kuwalinda. Walilima, walijenga, walioana, na mwaka 1882 walivamiwa na Wangoni walioitwa Magwangwara, wakauawa wengine na kutekwa wengine. Waliosalia hawakuacha kuitwa Wakristo. Majirani zao waliwaona wakilima na kuzika kama watu wengine, na waliwasikia wakisema kwa nini wanaishi wanavyoishi.

Akaja baadaye Cecil Majaliwa, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akalelewa na misheni Unguja, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa upadre katika misheni ya UMCA. Alifanya kazi Chitangali, miongoni mwa Wayao, kwa chifu Nakaam, ambaye alibatizwa kwa jina la Barnaba. Hebu fikiri, ndugu msomaji, mtu aliyewahi kuwa mtumwa anakaa barazani na chifu na kumweleza kwamba mbele za Mungu hakuna mtumwa. Ni sentensi moja, nayo inahitaji moyo kuliko mikutano mia. Na alikaa naye miaka, siyo siku saba.

Haki inanidai niseme pia habari chungu. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipolipuka, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa mwezi wa Agosti, pamoja na mabruda wawili na masista wawili, njiani kutoka Kilwa kwenda upande wa Liwale. Misheni za Lukuledi na Nyangao zikachomwa, na ya Masasi nayo ikachomwa. Sisi hupenda kuwataja hao watano kuwa ni mashahidi wa imani, na roho zao zipumzike kwa amani. Lakini tujiulize pia, waliowaua waliona nini? Waliona watu wa rangi moja na yule aliyewalazimisha kulima pamba kwa viboko. Hawakuwa na njia rahisi ya kumtenga mwenye msalaba na mwenye kiboko, maana wote wawili walipita barabara moja. Neno la Mungu likitembea bega kwa bega na nguvu za wenye nguvu, wasikilizaji husikia nguvu, neno hawalisikii. Kipaza sauti nacho, kwa kiasi chake kidogo, ni nguvu. Kinamlazimisha mgonjwa asikie, kinamlazimisha mzazi mwenye mtoto mchanga asikie. Anayelazimishwa kusikia hana deni la kusadiki.

Kwa upande mwingine, watu wazima wa Nachingwea wanaikumbuka hospitali ya Mnero na daktari wake Leader Stirling. Alikuja upande huu mwaka 1935, akafanya kazi kwanza Lulindi, kisha Mnero, akipasua wagonjwa katika majengo ya hali duni sana, na akiwafundisha vijana wa hapa uuguzi. Baadaye akawa raia wetu, akawa mbunge, na kuanzia 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania. Wagonjwa wake walikuwa Waislamu, Wakristo na wa dini za jadi. Kila mtu alijua yeye ni nani na kwa nini yuko pale. Hakujificha, na hakumlazimisha mtu.

Sasa nawageukia ndugu zangu wa kundi la pili, wale wasomi wastaarabu ambao mpaka hapa wamekuwa wakitikisa vichwa kwa kunikubali. Walimu wenzangu, makarani, wauguzi, maofisa wa halmashauri, mnachekelea kwamba nimewachapa watu wa jukwaani. Msichekelee mapema. Watu wa jukwaani angalau wanasema. Ninyi mnanyamaza, na mmeupa ukimya wenu majina mazuri.

Jina la kwanza mnasema: dini ni siri ya mtu. Si kweli. Dini ni hiari ya mtu, siri ni jambo jingine. Ndoa nayo ni hiari, lakini mwanamume anayeifanya ndoa yake kuwa siri kazini, sote tunajua anatafuta nini.

Jina la pili mnasema: chema chajiuza, matendo yangu yatasema. Methali ni nzuri, lakini mfanyabiashara mwenye chema hakifichi chini ya kitanda. Hukiweka mezani watu wakione, na akiulizwa kimetoka wapi hujibu. Wema usio na maelezo watu huupa maelezo yao wenyewe. Watasema mwalimu huyu ni mpole kwa sababu ni mwoga, au hali rushwa kwa sababu hajapata kubwa ya kumtosha, au anawasaidia yatima kwa sababu anataka udiwani. Mtume Petro, huyo huyo aliyeshindwa penye moto, alipokuwa mzee aliandika katika waraka wake wa kwanza kwamba tuwe tayari siku zote kumjibu kila anayetuuliza juu ya tumaini letu, na tujibu kwa upole na heshima. Aliyejifunza kwa machozi ndiye aliyeandika. Tuone mambo mawili hapo: lazima kuwe na mtu wa kuuliza, na lazima kuwe na jibu. Watu wa jukwaani wanajibu bila kuulizwa. Ninyi mnaulizwa na hamjibu.

Jina la tatu mnasema: tunalinda amani. Hapa nitakuwa mkali. Amani ya Nachingwea na Ruangwa haikujengwa na watu walioficha dini zao. Ilijengwa na koo ambazo ndani yake Yohana na Abdallah ni ndugu wa tumbo moja, na kila mmoja anajua mwenzake anaamini nini, anachinja nani, anafunga lini. Padre Yohana Abdallah, yule Myao aliyeandika historia ya kabila lake iliyochapishwa mwaka 1919, alibeba majina yote mawili na hakuna aliyeona ajabu. Mtu hulinda amani na anayemjua. Yule anayejificha hana amani na mtu, ana usiri tu.

Basi mahali pa ujasiri ni wapi? Nitataja matatu, yote ya huku kwetu, na msomaji atayaongeza mengine.

La kwanza ni penye mizani. Kila mtu wa Lindi na Mtwara anaijua kangomba. Mwezi wa Januari na Februari, akiba ya chakula ikiwa imekwisha na mvua inanyesha, mkulima hutafuta fedha ya unga, ya dawa au ya sare ya mtoto. Huja mwenye nazo akampa kidogo. Ukifika msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, mkulima analipa kwa korosho zilizopimwa kwa bakuli, kwa bei iliyopangwa na njaa. Serikali ilileta mfumo wa stakabadhi ghalani mwaka 2007, ikapiga marufuku kangomba, na mwaka 2018 iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo ilibidi wauzaji wahakikiwe mashamba yao, kwa sababu wako waliokuwa na magunia bila kuwa na mkorosho hata mmoja. Nawauliza wazee wa kanisa: katika hao wenye magunia bila mikorosho, hawakuwamo wenye majina ya ubatizo? Hawakuwamo waliochangia spika? Mtu anayehubiri kwa spika iliyonunuliwa kwa bakuli la kangomba anahubiri njaa ya jirani yake. Jasiri ni yule karani wa chama cha msingi anayesoma mizani kama inavyosoma, na akiulizwa na wenzake kwa nini anawaharibia, anajibu bila kuficha: mimi ni Mkristo, na kipimo cha uongo Mungu wangu anakichukia. Anaweza kukosa kazi msimu ujao. Hapo ndipo penye cha kupoteza.

La pili ni penye mtihani. Nimekaa shuleni miaka mingi, tangu nilipotoka chuo cha ualimu nikiwa kijana, mpaka nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu. Najua yanayosemwa kila Septemba unapokaribia mtihani wa darasa la saba. Shule isishuke, wilaya isishuke, watoto wasaidiwe kidogo. Nimewaona walimu waliofungua kikao hicho kwa sala! Walimwomba Mungu abariki kazi, kisha wakapanga nani atapita na majibu. Mtoto anayepewa jibu na mwalimu wake wa dini amefundishwa somo kubwa kuliko hesabu: amefundishwa kwamba Mungu ni wa Jumapili. Hakuna mhubiri atakayelifuta somo hilo kwa siku saba.

La tatu, na gumu kuliko yote, ni penye msiba. Tunamzika mtu kwa nyimbo na maombi, tunasema Mungu amemchukua, kisha usiku ukoo unakaa na kuuliza ni nani aliyemuua. Zinachangwa fedha za ramli. Wakristo wanachanga. Wako wanaochanga kimyakimya na wako wanaosema hawaamini lakini wanachanga ili wasiwaudhi wakubwa. Mwisho wake tunaujua. Kikongwe mmoja, aghalabu mjane asiye na mtu, ananyooshewa kidole, anahama usiku, au anapatwa na lililo baya zaidi, kama ilivyotokea mara nyingi mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ambako macho mekundu ya moshi wa kuni yalitosha kuwa ushahidi.

Namjua mama mmoja wa kijiji kimojawapo cha Ruangwa aliyefiwa na mwanawe wa kiume. Kikao kilipokaa alisimama mbele ya shemeji zake, akapiga magoti kwa heshima, akasema: "Shemeji zangu, mtoto huyu nimemzaa mimi, nimemuuguza mimi, na leo nimemzika. Fedha ya ramli sitoi, wala jina la mtu halitatajwa kwa ajili ya mwanangu. Mungu niliyemlilia mtoto akiumwa ndiye ninayemwachia sasa. Kama mnanifukuza, nifukuzeni." Walimwambia ana kiburi, kwamba dini imemtoa akili. Miezi miwili hawakukanyaga nyumbani kwake. Lakini ramli haikupigwa, kwa sababu mwenye mtoto amekataa, na kikongwe aliyekuwa akinong'onwa aliendelea kulala katika nyumba yake.

Kikongwe huyo ni Mwislamu. Siku moja alikwenda kwa yule mama na kibakuli cha kunde, wakakaa mkekani, akamwuliza: "Mwanangu, kwa nini ulinifichia aibu?" Mama akamweleza. Hakufanya mhadhara. Alimwambia habari za Yesu anavyomjua yeye, na kwa nini hawezi kumwogopa mtu mwenzake kuliko Mungu. Kikongwe alisikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani kuswali alasiri. Hakubatizwa. Katika ripoti zetu hakuna safu ya kuandika jambo la namna hiyo, kwa hiyo halikuandikwa. Mimi nasema kwamba katika mwaka ule, katika parokia ile, Injili ilihubiriwa mara moja kwa ujasiri, na ilihubiriwa pale mkekani.

Ataniuliza mtu: basi unataka tufanye nini, Mwalimu? Nataka mambo machache yasiyo na gharama. Wachungaji na makatekista, kabla ya kutangaza mchango wa mkutano mwingine, waulizeni Wakristo wenu kama majirani zao watatu, wa kushoto, wa kulia na wa mbele, wanajua kwamba wao ni Wakristo, na kama wamewahi kuwauliza lolote. Kama hawajawahi kuuliza, tafuteni sababu. Pengine hakuna la kuuliza. Wazee wa kanisa, fedha za spika zikopesheni mwezi wa Februari kwa mkulima mwenye njaa, bila bakuli, naye arudishe zilezile kwa fedha taslimu baada ya msimu. Wazazi, waelezeni watoto wenu mnachoamini kwa maneno yenu wenyewe, kabla hawajaelezwa na mtu wa jukwaani. Waliotutangulia katika Dayosisi ya Masasi, wakati wa Askofu Vincent Lucas aliyeiongoza tangu 1926 hadi 1944, waliipeleka imani mpaka ndani ya jando, mahali penyewe mtoto anapofanywa mtu. Watu walibishana nao, na bado wanabishana, lakini hawakuiogopa nyumba ya ukoo. Sisi tunakwenda sokoni kwa sababu nyumba ya ukoo inatutisha.

Na kwa kila mmoja wetu: useme unachokijua tu, mahali unapojulikana, kwa mtu ambaye kesho mtaonana. Akikataa, aendelee kuwa jirani yako. Akikuuliza usichokijua, mwambie sijui. Akikueleza ya kwake, msikilize. Hayo yote yanaweza kufanyika bila jenereta.

Najua wako watakaosema kwamba mzee huyu amepoa, amechoka, anataka Kanisa linyamaze. La hasha. Nataka liseme pale ambapo hivi sasa limenyamaza. Msimu wa korosho hauko mbali, mizani inafungwa ghalani, na karani wa mizani ni Mkristo. Watu wamejipanga na magunia yao. Wanangoja kuona atasoma nini.